Mji Tuliouchora Nyuma ya Msalaba

Mwaka huu sisi vijana wa kigango chetu hapa Nanganga tulirekodi Mateso ya Bwana kwa simu, ili waamini wayatazame kwa projekta jioni ya Ijumaa Kuu. Waigizaji tulikuwa nao, na mavazi walishona akina mama. Kilichokosekana ni Yerusalemu. Huku kwetu hakuna ukuta wa mji. Kuna mikorosho, bonde la Lukuledi, na upande wa kusini mteremko mrefu wa uwanda wa Makonde. Tukaamua kuuchora mji kwenye kompyuta na kuuunganisha na picha ya waigizaji.

Kazi hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1907 Mmarekani Norman Dawn alipiga filamu ya majengo ya misheni za California, ambayo yalikuwa yamechakaa na kubomoka. Alisimamisha kioo mbele ya kamera, akachora juu yake mapaa na kuta zilizoanguka, akapanga mchoro ukutane sawasawa na gofu lililoonekana kupitia kioo. Mtazamaji akaona jengo zima. Kioo chetu sisi ni programu ya Krita, inayopatikana bila malipo, lakini kanuni ni ileile: kamera isimame bila kutikisika, na mwigizaji asivuke mstari wa maungio, la sivyo kichwa chake kinapotelea nyuma ya ukuta uliochorwa. Msalaba ulikuwa mrefu, kwa hiyo mji tuliuweka upande wa kushoto tu. Upande wa kulia mbingu ilibaki ya Nanganga.

Anayeanza kuchora mandhari hudhani kwamba uhalisia ni wingi wa mawe na madirisha. Anachora jiwe baada ya jiwe usiku kucha, na asubuhi mtoto mdogo anamwambia kwamba hii imebandikwa. Mara nyingi kosa ni urefu wa kamera. Picha nyingi za Yerusalemu hupigwa kutoka Mlima wa Mizeituni, na huonyesha mapaa kwa juu. Simu yetu ilisimama uwanjani, usawa wa kifua cha mtu, na aliye chini haoni mapaa. Tukachora uso wa ukuta, lango, na vichwa vya minara vikichungulia nyuma yake, basi.

Mambo ya umbali tulifundishwa na uwanda wenyewe. Tulikaa asubuhi kadhaa tukiutazama tu, mpaka wapita njia wakatuuliza kama tumepoteza ng'ombe. Mkorosho wa karibu una kijani kizito, na kivuli chake ni cheusi. Ule wa ng'ambo ya bonde umefifia, na kivuli chake si cheusi tena. Uwanda nao ni wa buluu, hauna weusi hata kidogo, kwa sababu hewa iliyo katikati yetu na wenyewe imejaa mwanga. Leonardo da Vinci aliliandika jambo hilo miaka 500 na zaidi iliyopita. Mzee yeyote wa hapa analijua pia: baada ya mvua uwanda husogea karibu, na wakati wa kuchoma mashamba hutoweka. Basi ukuta tukaufifisha, na weusi tukauacha kwa walio karibu na kamera, yaani msalaba wenyewe na askari.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa giza. Injili inasema lilianza saa sita hadi saa tisa, na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ya kuzisoma saa hizo kama tunavyozihesabu wenyewe. Lakini giza la mchana linachorwaje? Ukiipaka picha nzima weusi, unapata picha chafu. Tulingoja wingu la masika. Wingu zito likifunika, vivuli hupoteza kingo, rangi hunyauka, ila mbingu hubaki na mwanga kuliko ardhi. Tukarekodi chini ya wingu hilo, na ukuta tukaupaka kwa mwanga huohuo, bila kivuli hata kimoja chenye ncha. Mwishoni tuliongeza chenga kama zile za simu, maana mchoro safi mno hujitenga na picha.

Mmoja wetu alitaka lile kuba la dhahabu, kwa kuwa ndilo watu wanaloitambulia Yerusalemu. Lakini jengo hilo la Waislamu lilikamilika karibu mwaka 692. Siku za Bwana pale palikuwa na Hekalu, ambalo Warumi walilibomoa mwaka 70. Kuba likaachwa, manung'uniko yakabaki.

Kabla ya Ijumaa Kuu tuliwaonyesha wazee kwanza. Picha ilipokwisha, bibi mmoja wa jumuiya yetu aliuliza, "Wajukuu zangu, hapo ndipo penyewe?"

"Hapana, bibi. Pamechorwa."

Alinyamaza kidogo. "Basi mseme mapema. Mimi nimeshasali hapo."

Maneno hayo yalitugawa. Wengine walisema sala yake ilimfikia Mungu vilevile, na kwamba tukitangaza tutaua ladha ya kazi yetu. Wengine walisema bibi yule hatafika Yerusalemu maisha yake yote, hivyo hana pa kuhakikishia isipokuwa kinywani mwetu, na picha mbaya ingemlinda kuliko picha nzuri. Sisi tunaoandika haya tulikuwa upande wa pili. Ijumaa Kuu katekista alitangaza kabla ya taa kuzimwa kwamba mji watakaouona umechorwa na vijana wao. Giza lilipoingia kwenye picha, watu walinyamaza kimya kama tulivyotumaini.

Sasa wapo wanaotaka tuchore misheni ya Nyangao, kwenye barabara hii hii ya kwenda Lindi, ilivyokuwa kabla ya kuharibiwa mwaka 1905 wakati wa Vita ya Maji Maji. Ni kazi hasa ya Dawn: kurudisha kuta zilizoanguka. Bibi yuleyule aliposikia aliuliza ni akina nani watasimama mbele ya kuta hizo, wamisionari au babu zetu waliokunywa maji. Mchoro bado haujaanza. Jumapili baada ya Misa tunaanza kupita kwa wazee, nyumba kwa nyumba, na swali lake.