Kijana wa Birere, kanyanga na mlango wa mama

GOMA. Ana miaka 22, mzaliwa wa Masisi. Alikimbia vita pamoja na mama yake, yaya wake na wadogo watatu, wakaishi kambini Lushagala mpaka kambi zilipobomolewa Februari 2025. Sasa familia imepanga chumba kimoja kartie Ndosho. Watu watano wanalala humo. Yeye halali humo tena.

Jirani alisoma ujumbe kwenye simu yake, ujumbe wa mapenzi kwa kijana mwenzake wa kiume, akaupeleka kwa mama. Hakupigwa. Mama aliweka sufuria chini, akamwambia achukue nguo zake kabla baba mdogo hajafika.

Tangu siku ile analala kwa marafiki, leo hapa kesho pale. Jioni yuko Birere, kwenye nganda moja ambako kikombe cha kanyanga ni bei ya chini kuliko sahani ya bugali na sombe. Ni hapo tu anaitwa kwa jina lake bila kuchekwa. Wanaosema vijana wa namna hii ni walevi kwa asili wangekaa kwanza pale saa moja. Wengi walienda kutafuta watu, si pombe. Lakini nganda inaishi kwa kuuza pombe, na anayekaa bila kununua anaondolewa.

Jambo hili si la Goma pekee. Mwaka 2008, watafiti wa Marekani waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi waliona kwamba vijana wanaopenda watu wa jinsia yao wanatumia pombe na madawa ya kulevya zaidi sana kuliko vijana wengine. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake, huko San Francisco, wakatazama ndani ya familia. Waliokataliwa sana na wazazi walikuwa wametumia madawa ya kulevya mara 3.4 zaidi, na kujaribu kujiua mara 8.4 zaidi, kuliko wale ambao wazazi hawakuwakataa au waliwakataa kidogo. Wote walikuwa vijana wa hali moja. Kilichowatofautisha ni namna walivyopokelewa nyumbani. Mzazi atasema Marekani ni mbali. Ni kweli, na huko vijana wale hawakuwa wametoka kambini.

Kanyanga haina kipimo. Nguvu yake inabadilika pipa kwa pipa, na ikitengenezwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, ambayo inapofusha macho. Anayekunywa sana anaharibu ini, anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na kama anatumia dawa za virusi vya ukimwi, anaruka siku.

Siku moja kijana alitapika damu. Akaenda kituo cha afya. Muganga alianza vizuri, akauliza anakunywa kiasi gani, kisha akauliza: "Na bibi yako yuko wapi?" Kijana akanyamaza. Mtu mmoja kwenye benchi alimtambua, akasema neno, watu wakacheka. Muganga naye akacheka. Kijana akaondoka bila dawa. Mlevi mwingine aliyekuwa kwenye foleni, baba mwenye bibi na watoto, alipewa kitanda.

Yaya wake, anayeuza sambaza sokoni, ndiye aliyemtafuta. Wamama wenzake walimshauri amfungie chumbani siku tatu kwa maji na maombi. Muuguzi mmoja mzee akamkataza: mtu anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kushikwa na degedege, hata kufa. Kumwombea ni vizuri, kumfungia hapana. Apunguziwe chini ya macho ya muganga. Shauri hili familia nyingi hazijalisikia.

Yaya akampeleka kituo kingine. Mlangoni akatangulia kusema: "Muganga, huyu ni mdogo wangu. Anakunywa, na ametapika damu. Mengine tutajibu kama yanasaidia dawa." Walipokelewa.

Bado anakunywa, ila si kila siku. Mama hajamruhusu kurudi. Jioni yaya anapofunga chakula cha kumpelekea, mama anafunua kibakuli, anaongeza sambaza, anafunika. Hasemi ni cha nani.