Dari Niliyomsingizia Fundi

Nilimdhulumu fundi sehemu ya ujira wake, kisha nikamharibia jina baraza kwa baraza, kwa kosa nililolifanya mimi. Naandika kwa sababu hadi leo wapo watu Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaosema mzee yule hajui kazi ya chokaa, na maneno hayo yametoka kinywani mwangu.

Nyumba ni ya marehemu babu, upande wa Malindi, na warithi tuko wengi. Mimi nilikabidhiwa ghorofa ya juu. Mwishoni mwa 2020 wageni walipoanza kurudi baada ya korona, nikaona hii ndiyo fursa: vyumba viwili vitengenezwe, vikodishwe kabla ya Krismasi. Mamlaka ya Mji Mkongwe inataka kibali kwa matengenezo ya nyumba zile. Nikaomba kibali cha kupaka rangi tu, maana nilijua nikiitaja dari watakuja kuitazama.

Dari zenyewe ni za kizamani. Boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, kwani boriti haivuki zaidi ya kama mita tatu. Juu ya boriti yamepangwa mawe bapa ya matumbawe, na juu yake kifusi cha mawe na chokaa kilichoshindiliwa mpaka kikawa sakafu ya juu. Ukilala kitandani unayaona mapengo baina ya boriti, yaliyokandikwa lipu na kupakwa rangi.

Rangi ndiyo iliyoniponza. Babu na waliomtangulia walikuwa wakipaka chokaa ya maji kila inapokaribia Idi, nyeupe, na miaka mingine ikitiwa bluu kidogo. Chokaa juu ya chokaa, mwaka hadi mwaka, ikawa gamba nene. Baadaye mtu mmoja, sina haja ya kusema ni ami yangu yupi, akapaka juu yake rangi ya mafuta ya kijani, ile inayong'aa, akidhani itazuia unyevu. Juu ya kijani nikaja mimi na rangi nyeupe ya maji.

Fundi niliyemwita ni mzee aliyejifunza chokaa kwa baba yake. Hakufungua hata mkoba wake. Alipanda ngazi, akalowesha kidole gumba, akasugua penye rangi iliyobanduka, akanionesha unga mweupe uliobaki kidoleni. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, pengo moja baada ya jingine, akisikiliza. Penye kushika kulitoa mlio mkavu, mfupi. Penye kuachana kulilia tupu.

"Mwanangu," akasema, "hii yote ishuke kwanza. Nikipiga lipu hapa, nitakuwa nimeipiga kwenye rangi, sikuipiga kwenye dari."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akanieleza: rangi ilowekwe kwa maji na kukwanguliwa ikiwa mbichi ili vumbi lisiruke. Mawe yaachwe yapumue mpaka unyevu wa vuli utoke. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zichunguzwe kama hazijaoza. Kisha chokaa iliyolala majini ipigwe kwa matabaka membamba, kila tabaka liachwe lishike kabla ya linalofuata. Chokaa haikauki tu kama nguo. Inakuwa ngumu kwa kuivuta hewa kidogo kidogo, na ukiiharakisha inabaki kuwa unga.

Nilikuwa nimeshapokea pesa za wageni. Nikamwambia akwangue panapobanduka tu, penye kijani adonoedonoe kwa nyundo ili lipu ipate pa kushikia, na kwenye chokaa achanganye saruji ili ishike haraka. Alikataa. Nikasisitiza, akakataa tena kwa adabu, akaanza kunieleza upya. Hapo nikamwambia, "Basi nitamwita mwengine." Nilijua hali yake mwaka ule. Kazi za mji zilikuwa zimesimama miezi mingi na ana watu wanaomtegemea. Akaifanya kama nilivyotaka.

Wanaojua ujenzi wameshaona kitakachotokea. Lipu ya unene wa sentimita moja tu, kwa kila mita ya mraba, ina uzito wa kilo 16 au 17. Ukutani uzito huo unasimama kwa sehemu. Darini unaning'inia wote, na kinachoushika ni ule mgusano wa lipu na kilicho nyuma yake. Tabaka la kwanza la lipu lazima linyonywe na jiwe, maji yaingie ndani na kuvuta chokaa pamoja nayo. Rangi ya mafuta hainyonyi chochote. Na hata kama lipu ingeshikamana na kile kijani, kijani chenyewe kilikuwa kimeshikamana na gamba la chokaa ya Idi za zamani, na gamba lile lilikuwa linageuka unga. Saruji ndiyo ikamaliza. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi na kuvitoa polepole, na saruji inaviziba visitoke.

Wageni waliingia. Tarehe 25 Disemba, wakiwa juu, Beit al Ajaib ikaanguka upande mmoja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na lililokuwa katika matengenezo. Watu wawili walifariki. Jioni ile mmoja wa wageni aliniuliza, akitazama juu, kama dari ya nyumba hii ni salama. Nikamjibu kwa fahari kwamba lipu ni mpya kabisa.

Ilianguka masika ya 2021, usiku, chumba kikiwa kitupu kwa rehema za Mungu. Lipu ya mapengo matatu ilishuka kwa pamoja juu ya kitanda. Asubuhi nilipokinyanyua kipande kimoja na kukigeuza, upande wa nyuma ulikuwa wa kijani, laini, unang'aa, kila donoa la nyundo limejichora kwa kinyume. Lipu ilikuwa nzima. Mchanganyiko wa fundi ulikuwa imara kiasi kwamba vipande havikuvunjika kitandani. Kilichoachia ni rangi.

Nilielewa pale pale. Hakuna mtu aliyehitaji kunifafanulia. Nikavitia vipande vyote kwenye magunia, nikaita mkokoteni vikatupwe, na kitanda kikafagiliwa, kabla sijampigia simu fundi. Alipokuja alikuta dari iliyo wazi na sakafu safi. Nikamwambia chokaa yake ilikuwa dhaifu na lile salio nililokuwa bado sijamlipa sitalilipa. Alitazama juu kwa muda, kisha akanitazama mimi, akaaga.

Baada ya Beit al Ajaib kila mtu mjini alikuwa na habari ya nyumba inayomtisha, kwa hiyo hadithi yangu ilipata wasikilizaji. Nilipoulizwa nilisema, mafundi wa siku hizi hao. Nilimtaja kwa jina.

Na kuna jambo jengine ambalo sikulihesabu wakati ule. Hata ile rangi kidogo iliyokwanguliwa, niliamuru ikwanguliwe kavu, kwa sababu maji yangechelewesha kazi. Wapwa zangu walikuwa wakipita chumbani mle wakicheza, vumbi limejaa mpaka kwenye mikeka. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, watoto wakiwa ndio wanaoumia zaidi, akili zao hasa. Fundi alikuwa amesema watoto watolewe. Nilidhani ni maneno ya kizee. Hili linanisumbua kuliko dari.

Fundi wa pili, nilipompata, aligonga dari iliyobaki na kuing'oa kwa mkono mtupu, pengo baada ya pengo. Akauliza nani aliyepiga lipu juu ya rangi ya mafuta. Sikumjibu. Safari hii kila kitu kilishuka: chumba kikafungwa, sakafu ikatandikwa turubai, rangi ikaloweshwa na kukwanguliwa taratibu. Moto wa gesi, ambao jirani alipendekeza, fundi hakutaka kuusikia, kwa boriti kavu zile na moshi wa rangi. Magadi ya kuyeyushia rangi nayo aliyakataa, kwa kuwa huacha chumvi ndani ya jiwe. Nyundo aliitumia kidogo sana, maana ukidonoa kwa nguvu unalegeza mawe yenyewe. Ncha mbili za boriti tulizikuta zimeoza. Zingeonekana mapema kama ningemwachia yule mzee afanye kazi yake.

Nilimfuata kwake Jang'ombe nikiwa na salio lake. Nilimwamkia, akaniitikia, tukakaa. Nikamwambia habari ya magunia. "Nilijua," akasema. "Lipu yangu ikianguka huwa inabaki na alama juu ya jiwe. Pale jiwe lilikuwa safi." Akazipokea pesa na kuzihesabu, na alikuwa na haki ya kuzihesabu. Kisha akanieleza kwamba kazi ya nyumba moja Shangani, kubwa, ilimpotea baada ya mwenyewe kusikia maneno yangu.

Mwenye nyumba huyo nilimwendea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni bahati mbaya, keshampa kazi mtu mwengine na dari zake zimekwisha, nzuri, nyeupe. Nikamuuliza kama rangi ya zamani ilikwanguliwa kwanza. Akasema hajui, wakati huo alikuwa Dubai.