Saa ya 'Dhahabu' Kando ya Barabara ya Uganda

Ukishuka matatu mjini Eldoret jioni, kabla baridi haijakupenya, huenda ukakutana naye. Amesimama kando ya Barabara ya Uganda, saa zimejaa mfukoni mwa koti. Atakunong'oneza kwamba ni ya Uswisi, mwenyewe amebanwa na shida tu.

Eldoret ilitangazwa kuwa jiji mnamo Agosti 2024, lakini wenyeji bado huiita Sisibo, kwa kuwa ilianzia kwenye shamba nambari 64. Hapa wanariadha huhesabu sekunde alfajiri ungali kitandani. Si ajabu saa nzuri ya mkono kuwa heshima. Na penye heshima, matapeli hawakosi.

Nami niliwahi kunaswa. Baba alipostaafu ualimu nilimnunulia saa ya 'dhahabu' kwa Sh3,500. Wiki ya tatu mkono wake ukawa na alama ya kijani. Hakulalamika. Aliendelea kuivaa, akiifunika kwa mkono wa shati. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi ukitaka saa ya fahari, anza na bei. Rolex halisi ni ya malaki ya shilingi. Anayekuuzia kwa elfu chache ana bandia au ya wizi, na kupokea mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria.

Pili, tazama mshale wa sekunde. Katika saa nyingi za betri huruka hatua moja kila sekunde; katika saa ya springi huteleza. Lakini usishangilie mapema, kwani hata bandia nyingine huteleza.

Kwa hivyo mwambie muuzaji mwende pamoja kwa fundi wa saa, afungue kifuniko cha nyuma. Akianza kutoa visingizio, umeshapata jibu. Hatimaye, dai risiti na hati ya dhamana zenye nambari ile ile iliyochongwa kwenye saa.

Na kama shida yako ni kujua wakati tu, usijitese. Tangu Seiko ya Japani ilipoleta saa ya mkono ya kwazi mwaka wa 1969, saa ya betri ya bei nafuu hushika majira kuliko ya springi ya bei ghali.

Baba nilimnunulia nyingine: ya betri, mkanda wa ngozi, dukani, kwa risiti. Haing'ai. Lakini siku hizi hukunja mkono wa shati.