Amua Ungali Chini

Jozani, Unguja

Mpwa wangu mpenzi,

Habari ya leseni yako ya urubani imetufikia na nyumba nzima imefurahi. Mama yako ameniambia pia kwamba unakusudia kukodi ndege ya viti vinne Dar es Salaam, uje nayo kiwanja cha Kisauni hapa Unguja, kisha umrushe yeye na wadogo zako juu ya msitu wetu wauone kutoka angani. Mimi niliyetumikia ufundi wa ndege mpaka nikastaafu siwezi kukukataza. Lakini wewe umesomea kiwanja cha Wilson, Nairobi, ambako ukitazama chini unaona nchi kavu. Huku ni kisiwa, na nina jambo moja la kukuusia: pa kutua siku ya shida pachague ukiwa bado ardhini, kabla hujawasha injini.

Anza na mkondo wa bahari kati ya bara na Unguja. Mahali ulipo mwembamba kabisa ni kilomita 36 hivi, kwa hiyo ukiwa katikati, ardhi iko karibu maili 10 za bahari kila upande. Cessna 172 iliyozimika injini huteleza takriban maili moja na nusu kwa kila futi 1,000, kama hakuna upepo wa kukukabili. Fanya hesabu mwenyewe. Ukivuka kwa futi 2,000 ili abiria waone majahazi vizuri, una maili 3 tu, na umekwisha chagua kutua majini bila ya kujua kuwa umechagua. Ukivuka kwa futi 7,000 unaigusa nchi kwa shida, na upepo wa kusi ukikukabili huifikii. Panda juu kwanza, vuka mahali pembamba, na kila mtu awe amevaa jaketi la kujiokolea tangu mnapoondoka, maana likiwekwa chini ya kiti hakuna atakayeweza kulivaa.

Na waambie wasilijaze upepo wakiwa ndani. Hili nalisema kwa uchungu. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka baharini Ngazija, karibu kabisa na ufukwe. Kati ya watu 175, 125 walikufa. Wengi walikuwa wameyajaza majaketi yao upepo kabla ya kutoka. Maji yalipoingia yakawanyanyua mpaka kwenye dari, wakashindwa kupiga mbizi kuifikia milango. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mfundishe mama yako mambo matatu, tena ayafanye kwa mikono yake: kufungua mlango, kufungua mkanda, kisha akiwa nje kuvuta kamba ya jaketi. Mlango wenyewe uachie kitasa kabla hamjagusa maji, kwani bodi ikipinda hautafunguka. Tua sambamba na mawimbi makubwa, usiyakabili, kwa mwendo mdogo kabisa ambao bawa bado linakubeba. Na ukiweza, tua karibu na ngalawa. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR ilipoanguka ziwani ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika mwanzo kuokoa. Watu 24 walinusurika.

Sasa Jozani yenyewe. Msitu huu ni mzuri kuutazama na hauna pa kutua. Kusini yake kuna mikoko ya Pete, kaskazini mikoko ya Ghuba ya Chwaka, na pembeni yake ni maweni, mawe ya matumbawe makali yatakayoyavunja magurudumu mara moja. Uwanda wa mpunga wa Cheju uko karibu, lakini wakati wa masika ni tope na maji. Upo ufukwe wa Paje na Jambiani, na kweli maji yakikupwa kuna mchanga mpana mgumu. Yakijaa hakuna kitu. Siku za bamvua bahari huku hupanda na kushuka karibu mita 4, basi ufukwe uliouona asubuhi si ule wa alasiri. Ulizia maji kwa wavuvi, au soma jedwali la bandari. Na hata yakiwa yamekupwa, kuna vijiti vya mwani na akina mama wanaokwenda shamba lao, kuna watalii wenye vishada vya kamba ndefu. Watu hao hawakukubali hatari yako. Kama huoni nafasi iliyo tupu, tua kwenye maji ya kina kifupi kando yao.

Injini ikinyamaza, cha kwanza ni pua. Ishushe upate mwendo wa kuteleza uliomo kwenye kitabu cha ndege, noti 65 hivi, uushike. Mwendo ukipungua bawa huacha kubeba, na hapo ndipo watu wanapokufa, khasa wale wanaojaribu kugeuka kurudi kiwanjani mara tu baada ya kuruka. Ukiwa chini namna hiyo, tua mbele yako. Ukiwa na kimo, elekea mahali ulipopachagua, kisha ndipo utazame tangi la mafuta na uvute joto la kabureta. Huku hewa ina unyevu mwingi, na barafu huingia kwenye kabureta hata kwenye joto la nyuzi 25, zaidi unapopunguza moto ili ushuke. Redio ije baada ya hapo: Mayday mara tatu kwa mnara unaozungumza nao, au masafa ya 121.5, na transponda uweke 7700. Usione haya. Rubani anayechelewa kutangaza dharura kwa kuogopa maswali huwanyima waokoaji dakika zao.

Usishuke chini kuwaonyesha watoto kima punju. Kima wanaonekana vizuri zaidi kwa miguu, na ndege wa angani ni hatari kubwa kwa ndege ndogo. Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti pamoja na baba yake, aligongana na tai mzoga tarehe 10 Januari 1959 akafa hapo hapo.

Na wingu la masika likikuzibia njia, rudi Dar ulale kwa jamaa. Pilau ya huku tutakula sisi, yako tutapika tena.

Ninalokuomba ni hili. Kabla hujampandisha mama yako, vuka kwanza na mwalimu anayeijua pwani hii, mfanye zoezi la injini kuzimika juu ya Paje, maji yakiwa yamekupwa na siku nyingine yakiwa yamejaa. Ukishamaliza niandikie mahali ulipopachagua kwa kila kipande cha safari. Nikishaisoma barua hiyo, nitamwambia mwenyewe apande.

Wasalaam,
Mjomba wako