Kung'oa Vigingi

Mjomba wangu hukodisha mahema ya sherehe hapa Kampala, nami humsaidia mwishoni mwa juma tangu nilipoingia chuoni. Kusimika si kazi ngumu. Unapiga nyundo, watu wanakutazama, chakula kinanukia. Kazi ni kubomoa. Kwanjula imekwisha, wageni wamekwenda zao, na vigingi ishirini na vinne vya nondo ya milimita 20 vimezama ardhini karibu nusu mita. Udongo wa vilima vyetu ni mwekundu, umejaa changarawe. Ukilowa asubuhi ukakaushwa na jua la mchana, hushika chuma kama saruji.

Tulikuwa tukigonga kigingi kushoto na kulia mpaka kilegee, kisha mjomba anainama na kuvuta. Usiku mmoja huko Kyaliwajjala aliinama akashindwa kuinuka. Alilala kitandani siku tisa. Mkaza mjomba aliponiletea chai aliniuliza, bila hasira, "Mwanangu, huko chuo kikuu hamfundishwi njia nyingine?"

Swali lile liliniuma, maana mimi nasoma Kiswahili, si uhandisi. Lakini katika somo la istilahi tulikuwa tumepitia maneno ya fizikia: wenzo, egemeo, mzigo, jitihada. Nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Sasa nikachukua karatasi nikachora wenzo wa kweli: bomba la chuma la sentimita 130, mguu wa egemeo sentimita 10 kutoka ncha moja, na kwenye ncha hiyo mnyororo wenye kitanzi cha kunasa kichwa cha kigingi. Upande wangu sentimita 120, upande wa kigingi 10. Kilo zangu 60 zingevuta kama kilo 720. Nilijiona Arkimedi.

Fundi wa Katwe alinichomelea kwa siku moja, kwa pesa niliyoweka kwa ajili ya kutoa nakala za vitabu. Nikakijaribu nyuma ya nyumba. Nikalalia bomba kwa uzito wote. Kigingi hakikutikisika. Kilichokwenda ni mguu wa egemeo, ukazama udongoni kama kisu katika ndizi.

Nilirudi Katwe nimeona haya. Fundi alitazama matope yaliyoshika mguuni, akacheka. "Ssebo, ulihesabu kigingi, ardhi hukuihesabu." Ni kweli. Egemeo hubeba mzigo pamoja na jitihada, yaani kilo 780, na mimi nilikuwa nimeziweka zote juu ya mdomo wa bomba jembamba. Akachomelea bamba la sentimita 20 kwa 20 chini ya mguu, akaufupisha na mnyororo, maana ulipokuwa mrefu ulimeza mwendo wote. Bamba lile hakunitoza.

Kigingi cha kwanza kilitoka sentimita tano kwa mkandamizo mmoja, kwa mlio wa kukwaruza nilioupenda mno. Nikasogeza kitanzi, nikakandamiza tena. Mara ya tatu kikatoka kwa mkono.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Najjera. Mjomba bado hauamini sana ule wenzo. Aliketi juu ya rundo la viti vya plastiki, tochi mkononi, akihesabu kwa sauti. Cha ishirini kilikatika kichwa, tukakichimbua kwa jembe.