Nyundo za Buddu

Miaka ya themanini, ukitaja lubugo mbele ya watu wa kanisa kule Masaka, maongezi yalipoa. Nguo ile ya gome la mti wa mutuba ilikuwa ya kuzikia, ya waganga, ya mizimu. Wazee waliificha chini ya sanduku, na ikitolewa sisi watoto tulijua kuna msiba. Mimi ni mtu wa Bukoba, Tanzania, ambako Wahaya nao walivaa magome enzi za mababu, lakini likizo nilikuwa kwa mjomba, aliyehamia Buddu, eneo la Masaka, akaoa huko.

Jirani yake alikuwa mzee wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, ambao tangu kale ndio mafundi wa nguo hii. Mkuu wao, Kaboggoza, hurithi kazi ya kumtengenezea Kabaka, mfalme wa Buganda. Mvua zikianza, mzee alinichukua shambani. Alikata duara juu ya shina na lingine chini, akachana gome kutoka juu hadi chini, kisha akalibandua polepole kwa kabari ya mgomba, maana chuma kingeujeruhi mti. Papo hapo aliufunika utupu wa shina kwa majani ya mgomba. "Mjukuu wangu, usiuache na baridi," aliniambia, nami nikabana kamba. Mwaka uliofuata gome lilikuwa limeota upya.

Kazi nzito ilikuwa bandani. Banda halina kuta, bali paa tu la kuzuia jua, ili gome lisikauke kabla ya wakati. Wanaume walikaa wakikabiliana kwenye gogo lililolala, wakaligonga gome kwa nyundo za mbao: kwanza yenye mifereji mipana, kisha ya kati, mwisho yenye mistari myembamba kama ya kiganja. Gome jembamba la rangi hafifu lilitanuka chini ya mikono yao hadi likawa shuka. Palipokuwa na fundo la tawi pakabaki tundu, pakashonwa kiraka. Likianikwa, jua ndilo lililolitia wekundu wa udongo wa kufinyangia.

Kazi hii ilikwishapungua zamani. Misafara iliyotoka pwani karne ya 19 ilileta merikani, na nguo ya pamba ikachukua mahali pa gome. Nasema hivyo nikijua kwamba wapagazi na wafanyabiashara wale walikuwa watu wa upande wetu. Kisha mwaka 1967 falme zikafutwa Uganda, na nguo ya wafalme ikakosa mfalme wa kuivaa.

Ndiyo maana siku ya tarehe 31 Julai 1993 siisahau. Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa kuwa Kabaka kule Naggalabi, kwenye kilima cha Buddo, akiwa amevaa lubugo. Nyumbani kwa mjomba mke wake alifungua sanduku mchana kweupe, akajifunga lubugo yake na mshipi kiunoni, akatoka nje. Hakuna aliyeuliza nani kafa. Wanawake wa kanisani walisimama kumtazama, na wengine wakarudi kwao wakachukua za kwao.

UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa turathi ya wanadamu wote mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake. Nilifurahi sana. Hata hivyo naamini heshima ilikuwa imerudi miaka kumi na miwili kabla, tena kwa macho ya watu wenyewe. Makaburi ya wafalme pale Kasubi yalipoungua Machi 2010, pamoja na pazia kubwa la lubugo lililositiri makaburi ya wafalme wanne, Waganda walilia hadharani. Kujenga upya kulihitaji mafundi wa nyasi na wa magome pia.

Nikifika Buddu sasa, swali langu la kwanza huwa ni mituba mingapi imepandwa. Kahawa na migomba hukua vizuri chini ya kivuli chake, kwa hiyo mkulima hana haja ya kuchagua kati ya mti huu na chakula. Mjukuu wa yule mzee amepanda yake mpakani mwa shamba, na banda limeezekwa upya.