Viboksi vya karatasi vyawapa bibi na mjukuu kazi Kilema

Desemba Kilema hujaa watu. Magari yenye watoto kutoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma hupanda mlima kati ya migomba na mibuni hadi kwenye vihamba vya babu zao. Wachagga hurudi nyumbani Krismasi, hilo halina mjadala. Siku za kwanza ni ndafu, salamu na kuzungushwa kwa majirani. Baadaye mvua ikianza na chaji ya simu ikiisha, mtoto wa mjini huuliza, "Tunaondoka lini?"

Bibi husikia swali hilo, na humuuma.

Nilifika huko kufuatilia habari za afya ya wazee. Katika nyumba moja si mbali na misheni, ile iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, nilimkuta bibi na mjukuu wake wa darasa la tatu wamekaa barazani wakitengeneza viboksi kwa kurasa za kalenda ya zamani. Vidole vya bibi vimekakamaa, kona ndogo haziwezi. Basi yeye anaelekeza, mtoto anakunja. Ndani wanaweka mbegu za kupanda masika: maharage haya, maharage yale, maboga. Kila kifuniko kina jina la mbegu kwa Kichagga, bibi anataja na mtoto anaandika anavyosikia. Mtoto huyo, niliambiwa, alifika hajui neno hata moja la lugha hiyo.

Bibi haoni ugeni wowote. Utotoni mwake, anasema, walifungia vitu kwa jani la mgomba, na ulilipasha kwanza motoni ili lisipasuke. Karatasi haihitaji moto, inahitaji ukucha: kila mkunjo usuguliwe mpaka ulale.

Mzazi, jaribu hivi. Kata mraba wa sentimeta 20. Ukunje nusu kwa nusu pande zote mbili, ufungue. Mikunjo inapokatana ndipo katikati. Leta kona zote nne zikutane hapo. Kona zikiwa zimelala, kunja kingo mbili zinazotazamana zifike mstari wa katikati, fungua. Fanya hivyo kwa kingo mbili nyingine, fungua. Sasa nyoosha kona mbili zinazotazamana. Zile mbili zilizobaki zilale, na kingo zake uziinue ziwe kuta. Kwenye kila ncha uliyonyoosha, sukuma pembe za pembeni ziingie ndani kwa kufuata mikunjo, kisha pindua ncha juu ya ukuta ishuke mpaka katikati ya sakafu. Hatua hii ya mwisho ndiyo huwashinda wengi, usimnyang'anye mtoto. Utapata kiboksi cha upana wa sentimeta 7 hivi na kimo cha 3.5. Kifuniko hukunjwa vilevile, kwa mraba wa sentimeta 21.

Kubana na kusugua huko humzoeza mtoto vidole vilevile vinavyoshika penseli. Mzee mwenye viungo vilivyokakamaa naye hufaidika kuvichezesha taratibu, bila kulazimisha. Vikivimba na kuwa vya moto, aonwe na daktari.

Mambo mawili matatu ya kuangalia. Gazeti, hata hili letu, lisibebe vitumbua wala karanga, kwa sababu wino huhamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Mbegu ziwe mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu, maharage moja linatosha kumpalia. Na vidonge vya bibi visihamishiwe humo kamwe, hata kiboksi kiwe kizuri vipi. Mtoto aliyekikunja mwenyewe atakifungua bila kuuliza.

Kalenda ya mwaka unaoisha usiitupe. Itie kwenye begi la safari pamoja na rula na mkasi wa shule wenye ncha butu.